Mchumia Juani: Ujira wa Ng'ambo na Haki ya Anayeutuma

Hotuba kwa wawakilishi wa Haki na Amani wa jumuiya ndogo ndogo





Mmetuomba tuseme juu ya fedha ambazo ndugu zetu walioko ng'ambo hututumia nyumbani, na juu ya biashara ndogo ndogo zinazoishi kwa fedha hizo. Jambo hili halihitaji kuletwa kwetu na wataalamu wa uchumi. Ni jumuiya chache hapa zisizo na mtu wake Riyadh, Doha, Dubai, London au Marekani. Mwisho wa mwezi simu hulia mlio mfupi, ujumbe husomwa, na kabla ya jua kutua karo imelipwa, deni la dukani limepunguzwa, na mzee amenunuliwa dawa ya shinikizo la damu.

Tutafuata njia mliyoizoea katika jumuiya zenu: kuona, kupima na kutenda. Lakini tangu mwanzo tungependa mshike neno moja. Fedha ile ni ujira. Si sadaka, si mvua iliyonyesha kwa rehema za wenye nchi, wala si mali ya taifa iliyookotwa njiani. Ni malipo ya kazi ya mtu fulani mwenye jina na mwili. Na ikiwa ni ujira, basi ina mwenyewe, na kila anayeukata ujira huo pasipo haki anamnyang'anya mfanyakazi, hata kama anafanya hivyo kwa karatasi yenye muhuri, au kwa maneno matamu ya undugu.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

1. Ukubwa wa jambo lenyewe

Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2024 wahamiaji walituma kiasi cha dola za Marekani bilioni 685 kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Kiasi hicho kinazidi misaada yote ya maendeleo na vitega uchumi vya moja kwa moja kutoka nje, hata vikijumlishwa pamoja. Kwa upande wa Kenya, Benki Kuu ilihesabu dola bilioni 2.8 hivi mwaka 2019. Kufikia mwaka 2024 zilikuwa bilioni 4.9. Wala hapo hazikuhesabiwa noti zinazoletwa mfukoni na mtu anayerudi likizo. Chai yetu, inayosifiwa duniani kote, haiingizi fedha za kigeni nyingi kiasi hicho. Wala kahawa, wala maua.

Tukumbuke pia mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Mnamo Aprili Benki ya Dunia ilikisia kwamba fedha za wahamiaji zingeanguka kwa asilimia 20 hivi. Hazikuanguka hivyo. Kwa jumla zilipungua kidogo tu, na kwa Kenya ziliongezeka hadi kupita dola bilioni 3. Watu waliokuwa wamepunguziwa saa za kazi, na wengine waliokuwa wamefungiwa ndani ya nyumba za matajiri wao, walijinyima ili sisi tule. Wataalamu walikisia kwa kanuni za soko, na soko halina kipimo cha upendo wa binti kwa mama yake.

Ni kweli kwamba wanaotuma si wa hali moja. Muuguzi wa Uingereza na mhandisi wa Marekani wana mikataba, bima na mahakama za kukimbilia. Lakini yuko pia msichana wa kazi za ndani kule Uarabuni, mlinzi wa usiku, na mjenzi anayebeba mawe katika joto kali. Leo tutawatazama hao hasa, kwa sababu ndio wengi wanaoondoka katika vijiji vyetu, na ndio wenye ulinzi mdogo kuliko wote.

2. Fedha inafikia wapi

Ujira huo ukishavuka bahari, huangukia wapi? Sehemu kubwa huliwa, nayo inaliwa kwa haki, maana chakula, shule na hospitali si anasa. Inayobaki mara nyingi huenda katika kile tunachokiita jua kali. Hununua cherehani, pikipiki ya bodaboda, mashine ya kusaga mahindi, belo ya mitumba, vifaranga mia moja, au mabati ya kibanda kando ya barabara.

Inafaa tujue kwamba hata elimu ya wataalamu juu ya kazi hizi ilianza kwa kuwatazama wahamiaji. Mtaalamu Keith Hart aliishi katika mtaa wa Nima, mjini Accra, miongoni mwa Wafrafra waliotoka kaskazini mwa Ghana kutafuta riziki. Aliona kwamba watu walioandikwa katika vitabu kuwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi mchana na usiku. Mwaka 1971 akaeleza habari hiyo katika mkutano wa wataalamu, akaiita sekta isiyo rasmi. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa taarifa yake mashuhuri juu ya ajira nchini Kenya, na jina hilo likaenea ulimwenguni. Wakati wote huo mafundi wetu wa Gikomba walikuwa wakigonga mabati chini ya jua bila kungoja kupewa jina.

Leo zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote nchini Kenya, tukiacha kilimo cha wadogo, ziko katika sekta hiyo. Katika Afrika nzima ILO ilikadiria mwaka 2018 kwamba karibu watu 86 katika kila 100 wenye kazi hufanya kazi isiyo na mkataba wala hifadhi ya jamii. Kwa hiyo basi, jua kali si pembe ndogo ya uchumi. Ndio uchumi wenyewe wa watu wetu.

Kwa nini fedha ya ng'ambo huelekea huko? Kwa sababu fundi wa jua kali akienda benki huulizwa hati ya ardhi, na hati hana. Dada yake aliyeko Jeddah haulizi hati. Huuliza tu, "Cherehani ni kiasi gani?" Kwa namna hiyo msichana anayefua nguo za wageni amekuwa benki ya wale ambao benki haiwatambui.

3. Miisho miwili ya njia moja

Sasa tazameni njia yote kwa pamoja. Mwanzo wake ni jikoni kwa mtu, nyuma ya mlango uliofungwa, mahali ambapo mkaguzi wa kazi hafiki. Mwisho wake ni kibanda kando ya barabara, ambapo mkaguzi hafiki pia, ila askari wa kuvunja hufika, na pengine hufika alfajiri. Fedha hiyo huanza katika kazi isiyolindwa, na huishia katika kazi isiyolindwa. Katikati ya miisho hiyo miwili ndipo wanapokaa mawakala, mabenki, makampuni ya simu na serikali, na wote hao wana stakabadhi.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo iliahidi kwamba anayevumilia jua ndiye atakayekaa kivulini kula alichochuma. Swali letu ni hili: siku hizi nani yuko juani, na nani yuko kivulini?

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Tukipima kwa mizani ya haki, tunaona kwamba ujira huu hukatwa mara tatu kabla haujafanya kazi aliyoikusudia mwenyewe.

1. Kato la mlangoni

Kato la kwanza hutokea kabla mtu hajapanda ndege. Kwa kawaida katika biashara ya kupeleka wasichana wa kazi Uarabuni, mwajiri wa kule hulipa ofisi ya kule, na ofisi hiyo humlipa wakala wa huku. Wakala amekwisha kupata chake. Hata hivyo wako wanaomtoza msichana mara ya pili: fedha ya fomu, fedha ya kupimwa afya, fedha ya "kuharakisha". Ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, na binti huondoka akiwa na deni badala ya akiba.

Lakini ubaya mkubwa zaidi umo katika malipo yenyewe. Mwajiri aliyekwisha kutoa fedha nyingi ili aletewe mfanyakazi hujiona amenunua. Chini ya utaratibu uitwao kafala, ruhusa ya mgeni kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri wake. Pasipoti huchukuliwa, ingawa sheria inakataza. Msichana akitaka kuondoka kwa sababu hapewi chakula au halipwi, huambiwa arudishe kwanza gharama zilizotumika kumleta. Mwezi Machi 2021 Saudi Arabia ilianza kuwaruhusu wafanyakazi wengi wageni kubadili mwajiri; lakini wafanyakazi wa nyumbani, yaani hao hasa dada zetu, waliachwa nje ya marekebisho hayo. Mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Nje iliarifu Bunge letu kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi. Wengi wao waliandikwa kuwa moyo ulisimama. Ndugu wapendwa, moyo wa kila anayekufa husimama. Hilo si jibu kwa mzazi aliyepokea sanduku uwanjani.

Wako watakaosema, basi wasiende. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala kwa wingi na kuzuia safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati. Kufikia mwaka 2017 mlango ukafunguliwa tena. Katikati ya miaka hiyo haja haikufungwa, na waliotaka kwenda waliendelea kwenda kwa njia za vichochoro, mahali ambapo hata jina lao halikuandikwa. Kumfungia maskini mlango bila kumpa kazi ya nyumbani ni kumhamisha tu kutoka kwa wakala mwenye leseni hadi kwa wakala asiye nayo.

Tuwatazame Wafilipino. Kuanzia mwaka 2006 serikali yao iliamua kwamba mfanyakazi wa nyumbani wa Kifilipino hataajiriwa nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, wala hatatozwa ada ya kutafutiwa kazi. Waajiri walinung'unika, na sheria imevunjwa mara nyingi, lakini kiwango kiliwekwa. Dola 400 ni riali 1,500 za Saudi. Wakenya wengi wamekwenda kwa riali 900, yaani dola 240. Jikoni ni lile lile na saa za kazi ni zile zile. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na serikali iliyokaa mezani na kutaja bei.

2. Kato la njiani

Kato la pili hutokea wakati wa kutuma. Benki ya Dunia imekuwa ikipima gharama ya kutuma dola 200. Kwa fedha zinazoingia Afrika kusini mwa Sahara, gharama hiyo imekuwa karibu asilimia 8, kubwa kuliko sehemu nyingine za dunia. Mwaka 2015 mataifa yaliahidi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba kufikia 2030 itashuka chini ya asilimia 3.

Tufanye hesabu pamoja. Anayetuma dola 200 kila mwezi kwa asilimia 8 hukatwa dola 16. Kwa mwaka ni dola 192. Maana yake ni kwamba karibu mwezi mmoja mzima wa jasho lake haufiki nyumbani. Kwa asilimia 3 angekatwa dola 72, na dola 120 zingebaki, ambazo ni karo ya mtoto au vifaranga wa kuanzia.

Mjue pia kwamba kato hili lina sehemu mbili. Moja ni ada iliyoandikwa ukutani. Nyingine imefichwa katika kiwango cha kubadilisha fedha: kampuni husema haitozi kitu, kumbe inanunua riali au dola yako kwa bei ya chini. Ajabu ni kwamba njia za Waafrika kwa Waafrika ni ghali zaidi. Kwa miaka kadhaa njia za kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda nchi jirani zimetajwa kuwa miongoni mwa ghali kupita zote duniani. Mtu anaweza kuvuka mpaka kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, lakini fedha yake haivuki bila kuchunwa ngozi. Na mwaka 2025 Marekani nayo ilipitisha sheria ya kutoza asilimia 1 ya fedha zinazotumwa nje kwa taslimu, kuanzia Januari 2026. Ujira uliokwisha kutozwa kodi unatozwa tena mlangoni.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Simu imesaidia sana. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwezi Machi 2007, mama wa kijijini hasafiri tena kutwa nzima kufuata bahasha kwa dereva wa basi. Vile vile tusiwadharau wale wanaotumia hawala. Neno hawala ni la siku nyingi katika Kiswahili chetu, na kazi yenyewe ni ya kale: mtu hutoa fedha kwa mfanyabiashara anayemwamini kule, na mwenzake wa huku hulipa. Kwa Wasomali, ambao nchi yao ilikaa miaka mingi bila benki, hawala imekuwa ndiyo mshipa wa uhai. Mwezi Aprili 2015, baada ya mauaji ya kutisha ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga makampuni 13 ya kutuma fedha. Yalifunguliwa tena mwezi Juni. Serikali ina wajibu wa kuwasaka wauaji, wala hakuna anayebisha. Lakini kwa miezi ile mjane wa Eastleigh na yatima wa Mogadishu waliadhibiwa kwa dhambi isiyo yao. Kutokuwa rasmi si sawa na kuwa haramu. Dawa ni kuandikisha na kukagua, si kukata mshipa wa mgonjwa ili kumtafuta mwizi wa damu.

3. Kato la nyumbani

Kato la tatu ndilo zito kulitaja, kwa sababu linatokea mezani petu. Habari hizi mnazijua. Binti alituma fedha za ploti miaka minne. Akaletewa picha za msingi, kisha za kuta, kisha za linta. Aliporudi alionyeshwa nyumba yenye hati ya jina la kaka yake. Au hakuonyeshwa nyumba kabisa, ila kokoto na nyasi. Yule aliyechuma juani hakukuta kivuli, na waliokuwa kivulini hawakuwa na uso wa kumtazama. Mtumai cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, lakini siku hizi anayekufa maskini ni yule ndugu aliyetumainiwa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Si kila fedha iliyopotea iliibiwa. Mara nyingi fedha ya cherehani ililipa kitanda cha hospitali, kwa sababu mtoto aliugua na bima haikuwapo. Mtaji wa kuku uliliwa kwa sababu mvua haikunyesha. Kibanda kilichojengwa kwa fedha ya miaka miwili kilibomolewa kwa saa moja bila taarifa, na mama akaanza tena kuomba. Mtu mmoja ng'ambo ameachiwa kazi ya shule, ya zahanati, ya bima, ya benki na ya ghala la chakula. Mzigo huo ungepaswa kubebwa na taifa zima kwa kodi zake, nao umewekwa juu ya kichwa cha msichana wa miaka 23. Kwa hiyo kiongozi anaposimama kuyasifu mabilioni ya walioko nje, tumsikilize kwa heshima, kisha tumwulize ni wapi mabilioni hayo yamejaza shimo ambalo serikali ililiacha wazi.

Wako pia watoto. Fedha hununua sare za shule, lakini haimbembelezi mtoto usiku. Nyanya analea wajukuu wanne kwa fedha ya simu, na magoti yake yanauma. Gharama hiyo haimo katika hesabu ya Benki Kuu.

4. Mwanga wa Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Maandiko hayakunyamaza juu ya mambo haya. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe ujira wake siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana.

Lakini tuwaelekeze hasa kwenye kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa mwanamke, mgeni kutoka Moabu, na mjane. Aliingia katika shamba la watu kuokota masazo ya shayiri, na jioni akabeba nafaka kumpelekea mama mkwe wake, Naomi. Huyo ndiye mtuma fedha wetu. Na Boazi, mwenye shamba, alifanya nini? Aliwaagiza vijana wake wasimguse, akamruhusu kunywa maji yao, akaagiza masuke yaachwe makusudi. Hakumpa sadaka akamfukuza. Aliilinda kazi yake. Hapo ndipo haki inapoanza: kumlinda mgeni kazini, ili nafaka ya Naomi isiwe na damu ndani yake.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa mfululizo. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum, alitetea ujira unaotosha maisha ya mfanyakazi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba mhamiaji asiwekwe chini kuliko wafanyakazi wengine katika haki za kazi. Na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate, alizitaja fedha zinazotumwa nyumbani, lakini akakumbusha kwamba mfanyakazi mgeni si bidhaa. Mizani ni moja: mtu kwanza, fedha baadaye.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Tusitoke hapa na huzuni tu. Yako mambo ambayo jumuiya inaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kabla ya safari. Asiondoke mtu bila jumuiya yake kujua anakwenda kwa nani. Wakala atafutwe katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa msafiri: mshahara, siku ya kupumzika, jina na anwani ya mwajiri. Nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki kwa mzazi, na nyingine kwa katibu wa jumuiya, pamoja na namba ya simu ya ubalozi. Tusirudie siku za manamba wa mashamba ya mkonge, ambao walijulikana kwa namba kuliko kwa majina yao.

Pili, wakati wa kutuma. Tuwafundishe ndugu zetu wasiulize tu "ada ni kiasi gani", bali waulize, "Nikitoa riali 500, nyumbani zitapokelewa shilingi ngapi?" Swali hilo moja hufichua kato lililofichwa. Walinganishe njia mbili au tatu.

Tatu, mapatano ya familia. Kabla mtu hajaondoka, familia ikae na kuandika: sehemu gani ni ya chakula na karo, sehemu gani ni ya mradi, na sehemu gani ni akiba ya mwenyewe isiyoguswa na mtu. Akiba hiyo iwe katika chama cha akiba na mikopo, kwa jina lake mwenyewe. Ardhi inunuliwe kwa jina lake. Kuandika si dalili ya kutoaminiana. Maandishi huulinda undugu siku ambayo kumbukumbu zitatofautiana. Nasi tusimgeuze aliyeko ng'ambo kuwa mfuko wa kila harambee na kila mazishi.

Nne, mradi wenyewe. Vyama vya akina mama vya kuchangiana kwa zamu vimeonyesha nguvu kubwa. Fedha ya ng'ambo ikiingia katika kikundi chenye daftari na mkaguzi hudumu kuliko ikiingia katika mfuko wa mtu mmoja. Wafanyabiashara wadogo wajiandikishe kwa pamoja. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inatambua vyama vyao. Askari wa kuvunja akija, atakuta chama chenye sauti, si mama mmoja mwenye kikapu.

Tano, kuwapokea wanaorudi. Wako wanaorudi mikono mitupu, wengine wagonjwa, wengine na mtoto, wengine na siri wasiyoweza kuisema. Asichekwe mtu. Tusiulize kwanza "umeleta nini", tuulize, "umefikaje?"

Sita, kudai. Tudai mapatano ya serikali kwa serikali yenye kiwango cha chini cha mshahara, yanayochapishwa ili raia wayasome. Tudai maofisa wa kazi wa kutosha katika balozi zetu, na viwango vya Mkataba Na. 189 wa ILO juu ya wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa mwaka 2011. Tudai taarifa na mahali mbadala kabla ya kubomoa soko.

Saba, na hili ndilo la kwanza kwa uzito. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda pia msichana wa kazi katika nyumba za hapa hapa Kenya. Kila nyumba ijiulize: analipwa lini? Ana siku ya kupumzika? Anakula mezani au jikoni amesimama? Yeye naye hutuma fedha kijijini. Naye ana mama anayengoja mlio wa simu. Sauti yetu juu ya Riyadh itakuwa na nguvu kadiri ya haki iliyomo jikoni mwetu.

Mungu awabariki, na awalinde wote walio mbali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni watu wangapi wako ng'ambo? Tunajua majina ya waajiri wao?

2. Katika makato matatu tuliyoyataja, ni lipi linaloumiza zaidi familia zetu? Kwa nini?

3. Someni Ruthu, sura ya 2. Boazi alifanya mambo gani kumlinda mgeni? Ni nani anayepaswa kuwa Boazi leo, kule na huku?

4. Ni familia gani kati yetu ziko tayari kuandika mapatano juu ya fedha zinazotumwa? Nani atazisaidia?

5. Wafanyakazi wa nyumbani walio katika mtaa wetu wanalipwa kiasi gani, na wanapumzika siku gani?